Kilima Nilichokipima na Mama Mkwe

Jumanne, 3 Juni

Siku ya kumi na saba bila mke. Nyumba imetulia, jambo zuri. Soksi safi zimekwisha, jambo baya.

Niandike kilichotokea, maana huko kwa dada yake wanasimulia vyao. Ilikuwa sherehe ya huyo dada yake, shemeji yangu, miaka ishirini na tano ya ndoa. Ukumbi, maputo, keki ya ghorofa tatu iliyoinamia kushoto. Mume wake, ambaye tangu siku hiyo namwita Bwana Yubilei, akashika kipaza sauti na kusema robo karne. Nikasimama. Kwa adabu kabisa. Nikasema robo karne bado miezi minane, maana ukumbi waliofungia ndoa niliutia madirisha mimi mwenyewe, na tarehe ya kazi naikumbuka. Ukumbi mzima ukanyamaza. Nilidhani wanapiga hesabu. Kumbe wananitazama mimi!

Mke wangu akafungasha mabegi mawili jioni ile ile. Akasema amechoka kuishi na futi kamba.

Shukrani hizo! Mimi niliyeanza na drili ya kuazima, leo nina karakana ya milango na madirisha ya alumini, mashine mbili za kukatia, na hakuna dirisha langu hata moja linalopitisha upepo. Unadhani nimefika hapa kwa kuwaachia watu waseme watakavyo?

Leo mke amepiga simu. Nilijua tu. Mama yake ana hamu ya kuviona vile vilima vya mchanga vya pwani kabla magoti hayajamgomea kabisa. Kuna basi la matembezi Jumamosi, kwenda na kurudi siku moja, pamoja na mwongozaji. Nimpeleke mimi. Lakini kwa sharti. Tangu basi linaondoka mpaka linarudi, nisimsahihishe mtu. Mama Mkwe atakuwa shahidi. Nikifaulu, mke anarudi nyumbani. Nikishindwa, anahamia moja kwa moja chumba cha uani kwa dada yake. Kimeshapakwa rangi.

Nikamwuliza rangi gani. Akasema hilo si la kuuliza.

Nikamwuliza basi kusahihisha maana yake nini hasa, ili tuwe na vipimo. Akapumua kwenye simu. Akasema nisimfumbulie mtu mdomo, hata mmoja, na je, nitaweza?

Mtu mzima kuulizwa kama ataweza kunyamaza! Nitaweza. Kitanda hiki, kusema kweli, ni kikubwa. Sentimita mia na themanini. Nilikuwa sijawahi kuuona upana wake.

Alhamisi, 5 Juni

Nimechukua tiketi. Ofisi ya matembezi ni chumba kimoja juu ya duka la simu, mlango wake unakwaruza sakafu kwa milimita nne. Nikanyamaza. Mazoezi.

Yule dada wa mapokezi akanipa kijikaratasi chenye picha. Kimeandikwa: Panda kilima kirefu kuliko vyote, mita themanini!

Themanini! Nimekaa nacho karakanani mchana mzima. Pichani kuna mtu amesimama chini ya kilima. Mtu wa kawaida, tuseme mita moja na sentimita sabini. Nikampandanisha kwa rula mpaka kileleni. Anaingia mara thelathini na kidogo. Kwa hiyo mita hamsini na ushee. Wanawaongopea watu mita thelathini mchana kweupe, kwa rangi nne, na watu wanalipa na kurudi kusimulia.

Mke kasema nisifumbue mdomo. Sawa. Mdomo hautafumbuliwa. Lakini nyuma ya kijikaratasi imeandikwa kwamba ndani ya basi kuna kitabu cha maoni. Kitabu hakina mdomo. Kalamu haina mdomo.

Ila picha si ushahidi. Nikiandika, niandike kipimo.

Ijumaa, 6 Juni

Nimepata! Mpira wa maji!

Kila fundi wa ujenzi anaujua: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, unatia maji, kisha mmoja anashika ncha huku na mwenzake ncha kule, na maji yanasimama usawa mmoja pande zote mbili. Maji hayana upendeleo. Yana akili kuliko nusu ya watu ninaowafahamu. Aliye chini anasimamisha fimbo ya mita mbili, anafikisha ncha yake juu ya fimbo. Aliye juu anaweka ncha yake chini kwenye mchanga. Maji yakitulia, pale aliposimama wa juu pamezidi pa wa chini kwa mita mbili kamili. Unasogea, unarudia. Mita mbili, mita mbili, mpaka kileleni.

Nimekunja mita kumi na tano za mpira ndani ya begi. Maji nimetia wino wa buluu yaonekane vizuri. Fimbo ni bomba la alumini, mita mbili, nimelifunga kitambaa kwenye ncha. Nitasema ni mkongojo wa Mama Mkwe.

Tatizo moja. Kazi hii ni ya watu wawili.

Mama Mkwe amepiga kuuliza avae viatu gani. Nikasema vyovyote. Akasema kavinunua vipya. Shemeji akapokonya simu na kusema anaomba tu mama arudi salama, na kwamba Bwana Yubilei anasema nitadumu mpaka kituo cha kwanza cha mafuta. Nikasikia kicheko nyuma. Mtu ambaye hawezi kuhesabu ndoa yake mwenyewe!

Jumamosi, 7 Juni, ndani ya basi

Tumeondoka saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja. Kijikaratasi kilisema na nusu. Kimya.

Tumekaa kiti cha nyuma kabisa, mimi na Mama Mkwe peke yetu, maana kwa hesabu yangu ndicho kiti ambacho mtu hawezi kunisemesha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akalitazama lile bomba. Akauliza kama huo ni mkongojo wake au wa kutundikia antena.

Mwongozaji ni bwana wa makamo mwenye kofia pana na kipaza sauti. Basi la watu ishirini na wawili, kipaza sauti! Nimempa jina la Kipaza. Alianza kwa kutukaribisha sote ishirini na watano. Nikatia peremende mdomoni. Akasema mchanga ule uliletwa na upepo kwa siku moja. Peremende ya pili. Akasema pwani ile upepo huvuma kilomita mia mbili kwa saa mwaka mzima. Kwa kasi hiyo yeye na kofia yake wangekuwa wanaongoza watu mbinguni! Peremende ya tatu na ya nne kwa pamoja.

Kituo cha kwanza cha mafuta: nimepita. Bwana Yubilei ameshindwa.

Mama Mkwe ananitazama kila mara kwa jicho la pembeni. Aliwahi kuwa mpima uzito kwenye ghala la nafaka, miaka thelathini na mmoja. Jicho lake halijastaafu.

Saa tatu kasoro kumi. Makosa kumi na moja, peremende kumi na moja. Ulimi wangu umekuwa msasa.

Jumamosi hiyo hiyo, saa nane na nusu mchana, juu ya kilima

Naandika nikiwa nimekaa juu ya mchanga. Basi halipo. Nitaeleza.

Tulifika. Vilima vyenyewe, siwezi kuvikatalia, vipo. Vya rangi ya mkate uliokaushwa, vinapanda kutoka barabarani mpaka vinaziba bahari usiione, uisikie tu. Mama Mkwe alisimama mlangoni mwa basi akasema "Ee Mungu wangu," akasahau kushuka. Watu walimpitia pembeni.

Halafu Kipaza akatandaza kamba chini. Akasema kila mtu avue viatu, avipange kwenye kamba. Ukirudi, unavaa vyako, unapanda basi. Viatu vikiisha kwenye kamba, ina maana sote tumo, dereva anawasha gari. Saa nane kamili. Akajigamba kwamba miaka saba amehesabu watu kwa njia hiyo na hajawahi kumpoteza hata mmoja.

Kuhesabu watu kwa viatu! Nilidhani nimesikia vibaya. Watu wana vichwa, vichwa havivuliwi, vinahesabika! Na jozi ishirini na mbili zinaachwa kando ya barabara, mlinzi ni dereva, na dereva alikuwa ameshafunika uso kwa kofia. Viatu vya Mama Mkwe bado vina kibandiko cha bei chini ya soli.

Sikusema neno. Nilisubiri Kipaza ageuke, nikainama, nikachukua jozi yangu na ya mama, nikatia begini. Mdomo haukufumbuliwa. Nilijisikia vizuri sana.

Wenzetu wakapanda upande wa kulia, wenye njia. Mimi nikampeleka Mama Mkwe upande wa kushoto, nikisema huko kuna kivuli. Hakukuwa na kivuli. Nikatoa mpira. Akautazama, akayatazama maji ya buluu, akalitazama bomba. Nikajua sasa ndiyo mwisho wangu. Akauliza wanasema mita ngapi. Nikasema themanini. Akakitazama kilima tangu chini mpaka juu, taratibu, kama mtu anayelitazama gunia kabla ya kulitia kwenye mizani. Akasema, "Hazifiki." Akakunja mikono ya gauni. Akasema kama nimekuja kupima, basi tupime, tusije tukapiga ramli.

Mwanamke wa maana! Ningemwoa yeye, kama si umri na kwamba ni mama mkwe wangu.

Kazi ikaanza. Mama chini na fimbo, mimi juu na daftari. Hatua ya kwanza, mita mbili. Ya pili, nne. Ila mama ana tabia ya kuinamisha fimbo. Nikamwambia. Akainyoosha. Nikamwambia sasa imeinamia upande wa pili. Akainyoosha. Nikamwambia ncha ya mpira ameishusha kwa kidole kimoja. Akasema kidole chake si kipimo. Nikamwambia ndiyo maana asikitumie. Hatua ya saba nikamwonyesha jinsi ya kusimama. Hatua ya tisa nikamwonyesha tena. Akasema alipima magunia miaka thelathini na mmoja na hakuna gunia hata moja lililowahi kumkaripia. Nikacheka. Ana utani mama huyu.

Mchanga unarudisha nyuma nusu ya kila hatua ya mguu, na magoti yake yalitaka kupumzika kila mita nne. Kwa hiyo tulichelewa kidogo. Tulipokuwa hatua ya kumi na tisa, mita thelathini na nane, nikasikia injini. Kamba kule chini ilikuwa tupu. Nikapunga bomba hewani. Nikapiga kelele, lakini upepo ulinirudishia kelele zangu mdomoni pamoja na mchanga. Mtu mmoja dirishani akanipungia mkono kwa furaha. Basi likaingia barabarani, dogo kama kiberiti.

Lilikuwa limechelewa kuondoka dakika nne. Nimeandika.

Mama Mkwe akalisindikiza kwa macho. Kisha akauliza viatu vyake viko wapi. Nikafungua begi nikamwonyesha: salama kabisa! Akavitazama muda mrefu.

Simu yangu haina mtandao. Ya kwake ameiacha kwenye kiti cha basi. Nimesimika bomba mchangani, nikatundika koti langu, kuna kivuli cha mtu mmoja. Amekaa yeye. Chupa ya maji ilibaki robo. Nimempa yote, maana kugawa robo ni usumbufu wa bure.

Saa tisa na ushee, pale pale

Amenihoji. Akaniuliza siku zote hizi kwa nini sikwenda kumfuata binti yake. Nikasema nilipiga simu mara nne. Akauliza nilisema nini. Nikasema mara ya kwanza nilimkumbusha kwamba ameondoka na ufunguo wa stoo. Ya pili, vilevile. Ya tatu nilimweleza kwamba saa ya jikoni imesimama na nikauliza yeye huitia betri gani. Akauliza na ya nne? Nikasema ya nne alipokea, nikasahau nilichotaka kusema, nikakata.

Mama Mkwe akachora chora mchanga kwa kidole. Akasema, "Hiyo ya nne, baba, ungeendelea nayo."

Sijui anamaanisha nini. Simu ilidumu sekunde sita.

Tumemalizia kupima, ya nini kukaa bure. Hatua ishirini na sita! Mita hamsini na mbili! Kileleni bahari ilijitokeza yote kwa mpigo, mama akakaa chini akaweka mkono kinywani. Nikamwambia amekalia mpira.

Naendelea ndani ya basi. Limerudi saa kumi na dakika kumi. Kipaza amepanda mbio, kofia mkononi, bila kipaza, anahema. Anasema, "Mzee, nisamehe! Mama, nisamehe!" Kwamba walifika kituoni akagawa soda, zikabaki mbili, ndipo akashtuka. Kwa hiyo hata yeye anajua kwamba soda ni njia bora kuliko viatu! Nilikuwa na maneno mia tatu kooni. Sikutoa hata moja. Nilifungua daftari nikaliweka mbele ya pua yake: 52, nimeizungushia duara.

Akasoma. Akasema, "Sawa mzee, hamsini na mbili. Twendeni."

Alikubali! Hivyo hivyo! Miaka saba ya kuwaongopea watu, na anakubali kama mtu aliyeulizwa kama atakunywa chai! Hakubishi, hataki kuona mpira, hataki kujua hesabu ilivyokwenda. Watu wa namna hii ndio wanaoiharibu dunia.

Jumapili, 8 Juni

Kitabu cha maoni: nimejaza kurasa nne, kwa namba. Abiria waliokaa wakitusubiri saa mbili hawakunisemesha njia nzima. Wivu.

Nimemfikisha Mama Mkwe mpaka mlangoni. Akasema asante mwanangu, ametembea, ameiona bahari kwa juu, hataisahau. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kwa kipimo chochote, huko ni kufaulu. Siku nzima! Kipaza, dereva, abiria ishirini: hakuna niliyemfumbulia mdomo!

Nimefua mashuka. Nimetia betri saa ya jikoni. Nimefagia karakana mpaka chini ya mashine. Nimeupunguza mlango wa chumbani milimita mbili, alikuwa akilalamika tangu mwaka juzi kwamba unakaza.

Jumanne, 10 Juni

Msiba.

Shemeji amepiga. Ripoti ya Mama Mkwe imesomwa mezani, mbele ya Bwana Yubilei. Kwamba kwa watu wote nilikuwa bubu, mama anathibitisha, na anashangaa. Ila yeye mwenyewe nilimsahihisha mara kumi na tisa.

Kumi na tisa! Nikamwambia shemeji ni kumi na saba. Mbili zilikuwa ushauri. Nikamwambia pia kwamba mama hakuwa miongoni mwa watu, alikuwa shahidi, na shahidi hahesabiwi. Shemeji akasema, "Unamsikia? Unamsikia mwenyewe?" Kumbe simu ilikuwa imewekwa sauti ya wote. Nikasikia kiti kikisogezwa na mtu akitoka chumbani. Nafahamu hatua zake. Za mke wangu.

Baadaye mama mwenyewe akachukua simu. Akasema ameongeza na mengine kwenye ripoti: koti, na maji. Nikamwuliza maji gani. Akasema tuyaache. Akasema binti yake amelia kidogo, kisha ameuliza teksi ya kesho ni saa ngapi. Anakuja. Ana swali moja la kuniuliza, na mabegi yatabaki kwenye buti mpaka nitakapolijibu. Akaniomba, kwa jina la Mungu, nijibu kama mtu.

Nitajibu kama mtu. Ningejibu kama nani?

Jumatano, 11 Juni

Nilivaa shati la buluu. Nilikaa kibarazani tangu saa nane. Nilirudia majibu ya maswali tisa anayoweza kuuliza, pamoja na yale ya ufunguo wa stoo.

Teksi ilifika saa kumi. Hakushuka. Aliteremsha kioo. Amekonda kidogo, au ni kivuli cha teksi. Kile kilemba cha kijani. Nikainuka, nikasogea langoni. Nikataka kusema kitu, kile nilichokisahau kwenye simu ya nne, kilikuwa hapa hapa mdomoni.

Lakini yeye akawahi. Akauliza taratibu, bila hasira, kwamba katika safari ile yote, ni watu wangapi waliokosea.

Swali lenyewe ndilo hilo! Rahisi! Nilikuwa na daftari mfukoni, sikulihitaji hata. Nikamwambia watano. Kipaza, kwa mita, viatu na mengine thelathini na moja. Dereva, kwa kulala. Yule wa dirishani aliyenipungia mkono. Dada wa ofisini, kwa kijikaratasi. Na mama, kwa fimbo, ingawa yeye nimemsamehe.

Akasubiri. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mlango ufunguliwe. Akauliza, "Watano tu? Pamoja na wewe?"

Nikamwuliza pamoja na mimi kivipi, maana mimi ndiye niliyekuwa nahesabu.

Akapandisha kioo. Polepole, mpaka juu. Teksi ikageuza pale pale langoni na kuondoka na mabegi yote mawili. Nikaikimbilia mpaka kona ya barabara, nikaigonga buti kwa kiganja, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Watasimulia vyao, nawajua. Watasema nilikuwa nikimbembeleza mke.

Yule dereva aligeuza bila kuwasha indiketa! Mtu akinyamazia mambo kama hayo, tutafika wapi?